Mwenye Kampuni Hayupo

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Maji saa kumi na mbili asubuhi. Jerikani mbili, foleni fupi. Chai ya rangi. Gari la ofisi halikuja tena, nikatembea kutoka Niboye mpaka mjini. Miaka hamsini na sita si mingi mpaka ufike kwenye mlima.

Kompyuta ya tano imewaka leo. Zilikaa ofisini miezi ya vita, dirisha likiwa limevunjika, mvua ikiziingia. Nazifungua moja moja, nazisafisha kwa spiriti na mswaki, naanika vipande kwenye ubao kama dagaa. Mbili hazitapona.

Makarani wananiita Direkteri. Nimewaambia mimi si direkteri wa chochote. Wanacheka, wanadhani ni unyenyekevu. Mkuu wa idara anataka kesho nizungumze nao kidogo: jinsi Mnyarwanda alivyoendesha kampuni ya kompyuta Marekani. Nimekubali. Sijui kwa nini.

Dada yangu Dafroza bado hajafuta jina lake mlangoni, lile aliloandika kwa mkaa siku alipoingia, kuonyesha kwamba pana watu. Nyumba aliikuta tupu, mwenye nyumba hatumjui. Kila nikirudi nalisoma.

Jumanne, 8 Novemba

Nimesema uongo kwa dakika arobaini.

Sikubuni chochote. Chumba cha kwanza, mashine ya kwanza, mteja wa kwanza, yote ni kweli. Niliruka tu mambo, na niliyoyaruka ndiyo yaliyokuwa kampuni yenyewe.

Karani mmoja, binti aliyekulia Bujumbura, aliuliza, "Muzehe, Wazungu walikukubali tu hivi hivi?" Nikajibu kwamba ukiijua kazi yako hawakuulizi ulikotoka. Akaandika kwenye daftari lake. Aliandika! Natamani nimwombe lile daftari.

Alhamisi, 10 Novemba

Humu hasomi mtu. Niandike yaliyo kweli.

Nilifundisha shule ya msingi Ngara kwa miaka kumi baada ya kukimbia nchi, ndiyo maana mpaka leo nikiandika naandika Kiswahili. Kisha Marekani, chuo, kibarua, chuo tena. Mwaka 1979 nikafungua kampuni. Chumba kimoja juu ya duka la mazulia, mji mdogo wa Ohio. Niliandika programu ya kuwaonyesha wenye maduka ya mbao na misumari kilichobaki ghalani. Ilikuwa nzuri. Bado nasema ilikuwa nzuri.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kwa wateja mwenyewe. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakanishukuru, kisha wakauliza mwenye kampuni atakuja lini. Mmoja aliuliza mara mbili, polepole, akidhani sielewi Kiingereza.

Mwaka wa pili nikamwajiri Roy. Mrefu, mvi za kupendeza, sauti ya padri. Maisha yake yote alikuwa ameuza mbegu za mahindi. Hakujua hata kuwasha mashine.

Nilijidanganya kwa desturi yetu. Kwetu, siku ya kuposa, baba hasemi. Anakaa kwenye kiti chake, kimya, na msemaji aliyeteuliwa ndiye anayezungumza kwa niaba ya ukoo. Ukimya wa baba ni heshima. Basi nikajiambia Roy ni msemaji wangu. Mimi ni baba, nimekaa. Niliona ni wazo zuri sana. Nilicheka peke yangu.

Kosa langu ni hili: kwetu kila aliyepo anajua baba ni yupi. Kule hakujua mtu.

Jina kwenye kioo cha mlango likawa la Roy. Mimi nikavaa ovaroli ya kijivu, nikabeba mashine nyuma yake. Mwanzoni, akiulizwa jambo, alinitazama kabla ya kujibu. Baada ya miaka mitatu aliacha kunitazama. Mteja mmoja alitualika nyumbani kusherehekea mkataba. Roy alikula mezani. Mke wa mteja akaniletea sahani jikoni, kwa huruma, akaniuliza kama kwetu nyama hupatikana. Nilikula yote. Nikasema asante.

Roy hakuwa mtu mbaya. Alinifuata jikoni, uso umemwiva. Nikamwashiria kwa mkono arudi mezani. Mkono ulikuwa wangu.

Mwaka jana nilimwuzia kampuni. Hakulazimika kubadili hata herufi moja kwenye kioo.

Jumapili, 13 Novemba

Kalisa amekuja baada ya misa. Mwana wa Dafroza. Luteni, miaka thelathini na miwili, mguu wa kushoto uliumia vitani na bado anatibiwa hospitali ya jeshi, Kanombe. Tangu nirudi Septemba nimekutana naye mara mbili tu, mara zote kati ya watu. Nilihakikisha iwe kati ya watu.

Anaoa. Mwalimu, jina lake Esperansi, wazazi wake wamerudi kutoka Bujumbura na wanakaa Kabuga. Padri anataka mambo ya kuposa yaishe kabla ya Majilio. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 26.

Alikaa mbele yangu, kofia gotini.

"Marume," alisema. Ndivyo tunavyomwita mjomba. "Marume, baba alishafariki. Utanisemea."

Dafroza akapiga vigelegele papo hapo, peke yake, ungo wa maharage mapajani. Baada ya vigelegele huwezi kukataa. Nikasema ndiyo.

Angeweza kumwomba mtu mwingine yeyote. Yeye zaidi ya wote.

Jumatatu, 14 Novemba

Januari 1985. Niandike haraka, kabla sijaanza kuipamba.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa ofisini, kalamu mkononi. Roy mezani. Mimi chini ya meza nafunga waya. Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na kijana mweusi mwenye koti jembamba. Alikuja Marekani na kwaya ya chuo kutoka Kampala; akawaacha wenzake, akapanda basi siku nzima, bahasha ya barua yangu mkononi. Barua niliyomwandikia mama yake: nina kampuni, mtoto akifika huku mlango uko wazi. Alinijua kwa picha. Alitabasamu.

"Marume!"

Mteja akamwuliza Roy huyu ni nani. Kalisa akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza safi: anamtafuta mjomba wake, mwenye kampuni hii. Mteja akacheka. Akamtazama Roy. Roy akanitazama mimi, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kalamu ilikuwa bado hewani.

Nikasimama na bisibisi mkononi. Nikasema kwa Kiingereza, "Mwenye kampuni hayupo."

Kalisa aliitazama ovaroli yangu. Akasema, "Samahani, bwana." Akafunga mlango polepole, baridi isiingie.

Mteja akatia sahihi. Ndipo nikakimbia. Stendi ya mabasi ilikuwa mitaa minne mbele. Basi lilikuwa linaondoka.

Aliporudi Kampala alimwambia mama yake: sikumpata mjomba, amehama. Dafroza akaniandikia, akinilaumu kwa upole kwamba nikihama niwe nawaarifu. Barua ile ninayo. Jibu lake nililianza mara nyingi. Karibu miaka kumi sasa.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimemwambia Dafroza atafutwe msemaji mwingine. Nimetoa sababu: miaka thelathini na mitano nje, maneno ya sherehe nimeyasahau, nitamwaibisha kijana. Nikamtaja katekista jirani, mtu wa ufasaha.

"Katekista ni mjomba wa nani?" aliuliza. Kisha: "Haya, nitajie mwingine wa kwetu. Taja, kaka. Nasikiliza."

Nikataja jina moja. La pili nikalianza, nikaliacha katikati. Waliobaki nchini tulipokimbia sisi hawapo. Nilikuwa nahesabu makaburi, na mengine hatujui yako wapi. Yeye alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

Sitaomba tena.

Jumamosi, 19 Novemba

Nilikwenda Kanombe kumwambia Kalisa yale ambayo sote wawili tunayajua. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu. Nilizirudia njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Alikuwa uani na wenzake, kwenye benchi, mguu umenyooshwa. Aliponiona akasimama, kwa shida. Wakamwambia kaa, akakataa. "Huyu ni mjomba wangu," akawaambia. "Huyu ndiye mwenye kampuni, Marekani. Ndiye atakayenisemea." Akanipeleka kwa muuguzi. Akanipeleka kwa mpishi. Kwa kila mtu alitaja jina langu lote, na la baba yangu.

Sajini mmoja mwenye bandeji jichoni alinikagua kutoka kichwani mpaka chini. "Kumbe muzehe iko tajiri! Sasa mbona viatu yake iko inalia njaa?"

Wakacheka. Kalisa akacheka kuliko wote, mkono begani mwangu.

Alinitambulisha mpaka kwa mlinzi wa geti. Sentensi tatu nimerudi nazo.

Jumatano, 23 Novemba

Nafanya mazoezi nikitembea kwenda kazini. Watu wananipisha njia, mzee anayesema peke yake. Maneno ya kuomba mke yanarudi kwa sauti ya baba yangu. Nakwama mahali pamoja kila mara, pale msemaji anaposema: huyu ni mwana wetu, tunamjua.

Dafroza ameniazimia koti kwa jirani. Linanibana kwapani. Alisimama mbele yangu akivuta mikono yake ishuke, anafurahi, anasema laiti mama angeniona. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Pini zilikuwa mdomoni mwake.

Kesho.

Ijumaa, 25 Novemba

Sijamwambia.

Jumamosi, 26 Novemba

Kabuga. Turubai la bluu uani, mabenchi ya kanisa pande mbili yakitazamana. Upande wetu watu kumi na mmoja, wanne kati yao wanajeshi walioombwa kujaza benchi. Sajini wa bandeji alikuwa mmoja. Upande wao haukuwa mrefu zaidi. Kila upande ulijifanya haukuona jinsi mwingine ulivyo mfupi. Katikati, mitungi ya pombe ya ndizi.

Msemaji wao ni mzee Barnaba, mfanyabiashara wa vitenge aliyezeekea Bujumbura. Tumbo kubwa, kope nzito. Kazi ya msemaji wa upande wa binti ni kuwachelewesha wageni kwa mizaha: kudai hawajui, kudai binti hayuko, kudai chochote. Ni mchezo wenye sheria zake na kila mtu anazijua.

"Mmepotea njia," alianza. "Stendi ya mabasi iko kule chini."

Kicheko. Nikasema hatutafuti basi, tunamtafuta mwenye nyumba. Baba wa binti alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, fimbo kati ya magoti, midomo ameibana asicheke.

"Mwenye nyumba?" Barnaba akatazama kulia. Akatazama kushoto. Macho yake yakampita baba wa binti kama kiti kitupu. "Mwenye nyumba hayupo, bwana. Mimi hapa mfanyakazi tu."

Jibu nilikuwa nalo. Nilitakiwa kusema: tutamngoja, tumekuja na vigoda vyetu. Halikutoka. Nilihisi baridi ya kweli, ile ya mlangoni.

"Maneno hayo nayajua, mzee Barnaba," nikasema. "Niliwahi kuyasema mimi."

Nikaendelea, na Kinyarwanda kilichonitoka sijui kilikuwa kimejificha wapi. Nikasema kijana huyu aliwahi kuja mlangoni kwangu, nchi ya mbali, wakati wa baridi. Alinijua, akaniita. Mimi nilikuwa na nguo ya kazi mwilini na wageni wakubwa mbele yangu, nikamwambia mwenye kampuni hayupo. Na mwenye kampuni nilikuwa mimi. Akaondoka bila kunitukana. Akamwambia mama yake hakunipata, na mpaka leo hajaniuliza neno.

"Siwezi kuwaambia ni mwana mwema kwa kuwa nilimlea," nikasema. "Nilimfukuza. Ndivyo nilivyojua ni mwana wa namna gani."

Benchi lao likalipuka kwa makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani ni hadithi! Walidhani nimeuchukua mzaha wa Barnaba nikauzungusha ukamrudia mwenyewe. Barnaba alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Eh, eh! Mmarekani katuweza! Faini! Mjomba aliyefukuza mwana alipe faini, kreti moja, sasa hivi!"

Sajini akatumwa kuleta bia. Akapita karibu yangu akininong'oneza, "Muzehe, hii uongo yako iko tamu sana." Binti tukapewa kabla ya saa tisa. Wanasema haijapata kuwa haraka hivyo.

Nimekiri mbele ya watu wote wale na wakanishangilia. Sijawahi kuona aibu kama ile ya kupigiwa makofi.

Wawili walisikia. Kalisa aliinamia kofia yake. Dafroza, kati ya wanawake, alikuwa ameinua mikono apige makofi. Ilibaki hewani.

Jumapili, 27 Novemba

Dafroza alikwenda misa ya kwanza bila kuningoja.

Kalisa akaja. Alikaa kizingitini, mguu nje kwenye jua.

"Nilikuona," alisema.

Sikuelewa.

"Pale stendi. Nilikuwa kiti cha nyuma. Huna koti, bisibisi bado mkononi. Nikasema, huyu mzee atakufa kwa baridi."

Nikamwuliza kwa nini hakusimamisha basi.

"Nilikuwa na hasira, Marume. Nilifika nayo Kampala. Baadaye ikaishia mahali, sijui wapi. Nilikuwa na kazi nyingine."

Nikamwomba msamaha kwa maneno ya kawaida. Ufasaha wa jana haukuwepo, na nilishukuru. Akasema ndiyo, amenisamehe. Kisha nikamwuliza kuhusu mama yake.

"Hapo, Marume, mimi sina cheo."

Jumatano, 30 Novemba

Nimemwita yule karani binti. Nikamwambia alete daftari. Nikamsimulia kuhusu Roy, kioo, ovaroli, sahani ya jikoni. Alipomaliza kusikiliza akashika kifutio, akauliza, "Nifute?"

Nikasema asifute. Aandike chini yake.

Kompyuta ya saba imewaka.

Jumapili, 4 Desemba

Mvua alfajiri, kisha jua. Dafroza hajanisemesha tangu Kabuga, isipokuwa kuhusu chai na chumvi. Maji yangu ya kuoga yapo kila asubuhi. Chakula kipo. Hilo ni gumu zaidi kuliko matusi.

Leo baada ya misa alitandika mkeka uani, akakaa na ungo. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu nisichokisoma. Akauliza bila kugeuka:

"Alivaa nini?"

Sikuuliza nani, wala lini. Nikasema koti. Jembamba, la kahawia.

"La baba yake," alisema. "Sikujua lilifika mpaka huko."

Akachambua kwa muda. Kisha akasema kwamba kifungo cha juu alikishona yeye asubuhi ya safari, kwa uzi mwekundu, kwa sababu hakuwa na mwingine. Akauliza kama kilikuwa bado kipo.

Nikatafuta. Nilirudi mpaka mlango ule, nikamtazama tena kijana. Tabasamu ninalo. Bahasha ninayo. Koti ninalo. Kifungo sina.

"Sikuona," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia kalamu ya mteja."

Akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa. Hakusema amenisamehe. Hakusema hapana. Baada ya muda alisogea kwenye mkeka, nikaona pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Nikaweka kitabu chini, nikakaa. Akausukuma ungo mpaka ukawa nusu kwake, nusu kwangu.

Maharage ya mwezi huu yana mawe mengi. Tumemaliza karibu saa saba.